Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara na Lindi mnaoingia kwenye majaribio ya dawa na chanjo

Wanangu,

Salamu kwenu nyote: manesi, matabibu, wataalamu wa maabara, na ninyi mnaozunguka vijijini na madaftari. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Dunia iliujua ugonjwa huo kwa mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Waliougua walikuwa watu wetu, walioandika walikuwa wageni. Leo kalamu mnaweza kuishika ninyi, na hasa ni juu ya kalamu hiyo ninayoandika.

Andika ulichokiona, saa uliyokiona. Joto la mtoto likipimwa saa tatu asubuhi, liandikwe saa tatu hiyohiyo, lisingoje jioni mkitulia. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa bado lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, kisha tia saini fupi na tarehe. Usifute wala usipake wino mweupe. Mkaguzi atailinganisha fomu yako na faili la hospitali, daftari la maabara na rejista ya dawa, na akikuta watoto kumi wote wana joto la 36.5 atauliza, tena ana haki. Usichokipima kiandike kuwa hakikupimwa, na kwa nini. Ukijaza kwa kubahatisha, umezitia shaka kurasa zote ulizowahi kuzigusa.

Ridhaa inataka subira. Soma fomu kwa Kiswahili, eleza kwa Kimakonde, Kimwera au Kimakua kama ndiyo lugha ya nyumbani kwa mama, halafu mwombe akueleze yeye: utafiti ni wa nini, mwanawe atatolewa damu mara ngapi, akitaka kujitoa afanyeje. Hasa muulize kuhusu kura. Wengi hudhani daktari amewachagulia watoto wao dawa iliyo bora, kumbe ni kura iliyoamua, na pengine hata daktari mwenyewe hajui mtoto amepata ipi. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti, na shahidi asaini siku hiyohiyo. Huku kwetu mjomba ana neno katika mambo ya mtoto. Anayesaini ni mzazi au mlezi, lakini mkimnyima mama usiku mmoja wa kwenda kushauriana, atasaini leo na wiki ijayo hamtamwona.

Uvumi wa mumiani nao msiudharau. Chukueni kijiko cha chai, mwonyesheni mama kuwa mililita 5 ndizo zinazojaa humo, na kwamba mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 800. Kabla ya ridhaa, hata tone lisitoke.

Ratiba mara nyingi hupangwa na watu wasioijua misimu yetu. Itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, ikisema mtoto arudi siku ya 28, ikiruhusu siku 3 kabla au baada, hesabuni inaangukia wapi. Kuanzia Oktoba familia ziko mashambani zinaokota korosho; likizo za shule vijana wako jandoni; mvua zikishika, gari halifiki. Semeni hayo kabla kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, haijapitisha itifaki, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, haijatoa kibali, maana baadaye kila badiliko hurudi kuombewa idhini.

Kwenye baridi, chanjo nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8. Wengi huogopa joto peke yake, kumbe chanjo zenye chumvi za alumini zikiganda zimeharibika. Chupa za barafu zikitoka kwenye friza ziacheni mezani mpaka mkizitikisa msikie maji yanacheza ndani, ndipo mzipange kwenye kisanduku. Jokofu lisomwe asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu ya Idi zikiwemo. Slaidi za malaria zisomwe na watu wawili wasioonyeshana majibu. Wakipishana mno, asome wa tatu. Kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya matibabu, kwa hiyo msikitumie peke yake kusema dawa imeshindwa.

Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe akalazwa, hilo ni tukio kubwa la kiafya na kwa kawaida mfadhili apewe taarifa ndani ya saa 24. Msiseme dawa haihusiki na mti. Ninyi ripotini, kuhusika au kutohusika kutapimwa baadaye. Pengine kizunguzungu ndicho kilichomwangusha.

Kuhusu maisha yenu, mikataba hii ni ya mwaka mmoja au miwili, na utafiti ukifungwa mshahara hukoma. Wekeni akiba ya miezi michache tangu mwezi wa kwanza. Cheti cha mafunzo ya utendaji bora wa utafiti kihuisheni kabla hakijaisha muda. Atakayependa kupanda asome takwimu au epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, kwa kuwa wanaojua kuchambua namba ni wachache kuliko wanaojua kuzikusanya.

Matokeo yakitoka, kabla ya kwenda kuyasoma Dar es Salaam, rudini kijijini. Mwombeni mwenyekiti wa kijiji siku isiyo ya mnada wa korosho, mkutane asubuhi, na akina mama waliotoa watoto wao wakae mbele.

Mzee wenu, Mtwara