Asante sana mzee wa kofia ya bluu pale Arlington

Jamani naomba nimshukuru mtu ambaye hata jina sikumuuliza. Mwezi wa saba mama alikuja kunitembelea huku Texas kutoka Tanga, nikampeleka kuona besiboli Globe Life Field, uwanja mpya wa timu ya besiboli ya Rangers uliofunguliwa 2020, nje jua la kuua ila ndani paa limefungwa na kiyoyozi kinapuliza hadi mama akajitanda khanga. Sasa mimi nimezoea soka, mama ananiuliza mbona yule kapiga mpira halafu hakimbii, nimekwama. Mzee wa siti ya jirani akageuka akaanza kutuelekeza taratibu, mpira ukitoka nje ya mstari ni faulo, ukikosa mara tatu umetoka, wakitoka watatu zamu inageuka, raundi ziko tisa, na mimi namtafsiria mama neno kwa neno. Kufika raundi ya saba mama ndo anasimama kushangilia kabla yangu! Mechi ilipoisha mzee akamshika mama mkono, akamshusha ngazi zote polepole mpaka getini. Mzee wangu popote ulipo Mungu akuzidishie umri, mama kesharudi Tanga na bado anawasimulia majirani habari zako.