Laptop zinazogomea WiFi

Habari zenu wanakikundi. Wenye laptop zinazokataa WiFi ya nenosiri, kabla hamjanipigia jaribuni haya.

Iambie laptop iusahau mtandao huo kabisa, kisha andika nenosiri upya huku ukiliona. Bonyeza kile kialama cha jicho pembeni. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na Caps Lock imeshaniumbua hata mimi. Likiwa chini ya herufi 8 ujue umekosea, WPA2 (ulinzi wa nenosiri unaotumiwa na WiFi nyingi) haikubali pungufu ya hapo.

Bado? Tazama saa na tarehe. Mtandao unaodai jina la mtumiaji pamoja na nenosiri kwa kawaida hutumia cheti cha kidijitali, yaani kitambulisho cha mtandao chenye tarehe ya mwisho, na laptop inayodhani tuko mwaka 2015 itakikataa. Hili watu hawalidhanii kabisa.

Mtandao ukiwa wa WPA3 pekee, ulinzi mpya kuliko WPA2 uliotoka 2018, laptop kuukuu isiyoujua haitaingia hata ukeshe nayo. Msimamizi wa ruta aruhusu na WPA2.

Simu ikiingia na laptop ikagoma, mara nyingi tatizo liko kwenye laptop. Sasisha draiva ya WiFi, yaani programu inayoendesha kifaa cha WiFi ndani ya laptop.

Mkikwama, nitumieni picha ya maandishi yanayotokea kwenye skrini. "Inakataa tu" hainisaidii, jamani.