Ukinzani kabla ya sifuri

Uyole, Mbeya

Mpendwa Atupele,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi ya Julai haina huruma. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani: kama supakondakta hupitisha umeme bila ukinzani, kwa nini wataalamu wanahangaika kupima ukinzani kabla haujafika sifuri?

Kwa sababu siri imo humo, rafiki yangu. Sifuri haikuambii imetokana na nini.

Unajua usumaku huvunja jozi za elektroni, na bila jozi hizo hakuna supakondakta. Ndiyo maana mwaka 2008, Hideo Hosono na wenzake huko Tokyo walipotangaza kampaundi ya chuma na aseniki inayopoteza ukinzani kwenye kelvini 26 (nyuzi 247 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi), watu walishangaa. Chuma, kama kile kilicholala Liganga! Haukupita muda, watafiti wa China wakafikisha kelvini 55.

Sasa chukua kampaundi ya bariamu, chuma na aseniki. Ikiwa safi, ukiipoza, grafu ya ukinzani inavunjika karibu na kelvini 140: hapo usumaku unajipanga. Weka fosforasi mahali pa sehemu ya aseniki, usumaku unalegea. Fosforasi ikifika kama asilimia 30, usumaku uko ukingoni mwa kutoweka, na ukinzani unakwisha kwenye kelvini 30 hivi. Lakini tazama juu ya hapo: ukinzani haufuati mraba wa jotoridi kama baadhi ya metali zikipoa sana, unashuka kwa mstari ulionyooka. Ongeza fosforasi zaidi, mkunjo wa mraba unarudi na usupakondakta unafifia. Vinakwenda pamoja, Atupele! Wengi wanaona, nami nakubaliana nao, kwamba misukosuko ile ile ya usumaku ulio ukingoni, inayozipiga kumbo elektroni, ndiyo inayozifunga jozi jozi.

Upimaji wenyewe ungeupenda. Fuwele ni kijipande chembamba cha kushikwa kwa kibano, kimebandikwa nyaya nne za dhahabu kwa gundi ya fedha. Mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti, ili ukinzani wa viungio usiingie kwenye hesabu. Kidato cha sita wako wanaweza kuijaribu mbinu hiyo kwa waya wa kawaida hapo Iringa.

Wakimaliza, nitumie grafu zao. Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Tumaini