Mchoro wa maji uoneshe na majitaka yatakakopita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wakazi wa pembezoni mwa Chanika, upande unaokaribia mpaka wa Mkoa wa Pwani, tumelizungumza katika mikutano mitatu ya mtaa bila kulifikisha mahali. Tumeahidiwa maji ya bomba, na katika mkutano wa mwisho tulibandikiwa ukutani mchoro unaoonesha tangi litakalokaa kilimani, bomba kuu litakalofuata barabara ya vumbi na mahali pa kuunganishia kila kundi la nyumba. Watu walipiga makofi, nami nikiwa mjumbe wa kamati ya maji nilipiga pia. Nilipouliza maji hayo yataelekea wapi yakishaogewa, yakishafuliwa na kumwagwa chooni, nilijibiwa kwa upole kwamba majitaka ni ya awamu nyingine.

Awamu hiyo haina mchoro wala mwaka, na kwa kasi ninavyoona mtaa wetu unavyojaa, itakapofika haitakuta pa kupita.

Eneo letu lilikuwa shamba la mikorosho. Warithi walipoanza kuuza, dalali alipima kwa miguu yake, hatua 20 kwa 20, mnunuzi akalipa, hati ya mauziano ikapigwa muhuri katika ofisi ya serikali ya mtaa, na kazi ikaishia hapo. Njia iliyoachwa ilikuwa ile iliyotosha gari la tofali siku hiyo. Tofali zikishashushwa na ukuta ukisimama, njia hubaki uchochoro wa bodaboda. Simlaumu mtu, maana mimi mwenyewe nilinunua hivyo hivyo mwaka 2013, na ukuta wangu wa nyuma umekula futi tatu za njia ambazo leo ningependa zirudi.

Kwa sasa tunaishi kwa visima. Cha kwangu kinatoa maji ya chumvi, ambayo ni ya kufulia na kudekia. Maji baridi ya kunywa na kupikia tunanunua kwa vijana wa mikokoteni, na kiangazi kikikaza dumu la lita 20 hufika shilingi 500. Madumu 50 ndiyo uniti moja, kwa hiyo anayenunua kwa dumu analipa shilingi 25,000 kwa uniti, kiasi ambacho mwenye mita ya bomba hatakiona kwenye bili yake. Ndiyo maana hakuna anayelipinga bomba, wala mimi silipingi. Ninachoomba ni tupige hesabu hadi mwisho.

Karo la kawaida la mtaani kwetu, yaani shimo la majitaka, lile ambalo fundi huchimba bila kuuliza, lina upana wa futi tano na kina cha futi kumi, yaani linabeba lita 5,500 na ushee. Nyumba yangu ya watu sita hutumia madumu nane kwa siku, ambayo ni lita 160, na karo lingechukua zaidi ya mwezi kujaa hata kama ardhi isingenyonya tone. Dada yangu anayekaa Tabata ana bomba ndani, idadi ya watu ni ileile, na bili yake ni uniti 15 kwa mwezi, sawa na lita 500 kwa siku. Karo langu lingepokea maji hayo siku 11 tu. Ni kweli kwamba mchanga wetu hunyonya, lakini hunyonya kiangazi. Masika yakiingia, maji ya ardhini hupanda hadi kukutana na karo, na mafuta ya vyombo pamoja na tope la miaka mingi huwa yameshaziba kuta zake. Kwa hiyo siku bomba litakapofunguliwa, majitaka ya mtaa mzima yataongezeka karibu mara tatu, wakati mashimo ya kuyapokea ni yaleyale.

Mwezi uliopita mimi na kijana mmoja wa kamati tulizunguka na futi ndefu katika nyumba 11 zenye visima, tukipima kutoka mdomo wa kisima hadi karo lililo karibu zaidi, liwe la mwenye kisima au la jirani. Maafisa wa afya wametufundisha siku zote kwamba umbali usipungue mita 30. Kiwanja cha hatua 20 hakina hata ubavu wenye mita 30, hivyo sikutarajia kumkuta yeyote aliyetimiza, na hatukumkuta. Kwa mama mmoja mjane, kutoka kisima chake hadi mfuniko wa karo la nyumba ya nyuma, futi ilisoma mita 8 na sentimita 40. Alituangalia tukiandika, kisha akauliza, "Sasa wanangu, mimi nifukie kisima au yule afukie choo?" Kijana alikunja futi, nami nikaomba maji ya kunawa mikono ili nipate cha kufanya. Tunamshauri achemshe, naye huchemsha, lakini moto huua vijidudu tu. Chumvi hauiondoi, wala naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi.

Kuna na hili la kutapisha vyoo, ambalo kila mkazi wa bondeni analijua ingawa halitamkwi mkutanini. Mvua kubwa ikianza usiku, mwenye karo lililojaa hutoboa upande wa chini, na asubuhi yaliyomo yameshapita kwenye mfereji, yamepita mbele ya genge, yameingia kijitoni. Gari la kunyonya majitaka lingemwokoa na aibu hiyo, ila gari haliwezi kupita uchochoroni, na mpira wake haufiki nyumba ya nne. Hata likifika, safari ya kutoka kwetu hadi mabwawa ya kusafishia majitaka ya Vingunguti ni ndefu na mafuta yake yanalipwa na mwenye choo. Tukumbuke kwamba kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia katika jiji hili hili kabla ya kusambaa mikoani.

Desturi ya kutanguliza maji na kuyasahau majitaka si ya kwetu peke yetu. Jiji lilipata mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, mitambo hiyo ikaja kupanuliwa, na hatua hizo zote zilistahili sherehe. Mtandao wa majitaka, hata hivyo, umebaki wa katikati ya mji na sehemu chache nyingine, wakati sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728. Wengi wetu tunaishi juu ya mashimo. Wala sheria haitoi kisingizio, kwa kuwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeweka kazi zote mbili chini ya mamlaka moja. Kama mwenye kazi ni mmoja, sioni sababu ya mchoro kuwa nusu.

Najua jibu litakalokuja: bomba kubwa la majitaka, lenye kuzikwa mita kadhaa chini ya barabara, ni ghali mno kwa mtaa ambao haujapimwa. Nakubali. Lakini hilo si bomba la pekee duniani. Nchini Brazil, tangu miaka ya 1980, mitaa ya watu wa kipato cha chini imetandikiwa mabomba membamba yanayozikwa kina kifupi, yakipita uani na pembeni mwa vichochoro ambako gari halikanyagi, na nyumba za kundi moja hutumia chemba za pamoja kabla ya kuingia kwenye bomba la mji. Huko Orangi, Karachi, mradi ulioanzishwa mwaka 1980 na Akhtar Hameed Khan uliwafanya wakazi wa kila uchochoro wachange na kujenga mfereji wao wa majitaka, huku mifereji mikuu na usafishaji vikibaki mikononi mwa serikali. Wala hatuna haja ya kupanda ndege kujifunza, kwa maana Vingunguti wapo wakazi waliounganishwa kwa mabomba membamba ya namna hiyo hadi kwenye mabwawa.

Sisi hatuko jirani na bwawa lolote, na siamini kwamba kila nyumba yetu itaunganishwa. Wenye nyumba zilizotawanyika huko kilimani wataendelea na makaro, mradi yajengwe vizuri na gari liweze kuyafikia. Walio na haja ya bomba ni wale wa mteremkoni, ambako nyumba zimebanana na kisima hakina pa kukimbilia. Kwao ingetosha mabomba membamba yanayoshuka kwa mteremko wenyewe, bila pampu, hadi kwenye mtambo mdogo wa kuchuja mahali pa chini kabisa. Mfereji wa bomba la maji utachimbwa vyovyote vile. Wataalamu wakiwa bado wako kwetu na vipimo vyao, kuchora mstari wa pili, ulio mbali na wa kwanza kwa umbali unaotakiwa, ni kazi ya siku chache. Ujenzi unaweza kusubiri fedha. Kinachokimbia ni nafasi, na kila ukuta mpya unaipunguza.

Kwa upande wetu wakazi, yapo tunayoweza kuyafanya bila kusubiri mtu. Mkutano wa mtaa unaweza kuazimia kwamba hati ya mauziano isipigwe muhuri kabla ya wajumbe kwenda kuona njia iliyoachwa, na kwamba wenye kuta zilizokula njia warudishe. Nimeshamwambia mwenyekiti kwamba ukuta wangu uandikwe wa kwanza. Baadhi ya majirani wamenuna, na mmoja amenikumbusha kwamba sikuyasema haya wakati ninajenga, jambo ambalo ni kweli.

Ombi langu kwa wanaoandaa mradi ni kwamba, kabla ya mkandarasi kuletwa, mchoro urudishwe katika ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na mstari wa majitaka, na kiwanja kilicho chini kabisa, pale kijito kinapokata barabara, kitengwe na mwenye nacho alipwe fidia yake. Hicho ndicho kiwanja pekee ambacho maji ya mteremko wote hukifikia bila kusukumwa. Bado hakijauzwa, lakini Jumamosi iliyopita nimeona lori limeshusha tofali pembeni yake.

Mkazi wa Chanika,
Dar es Salaam