Mnakuja Kuhesabiwa: Salamu za Krismasi kutoka Mlimani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nawaandikia ninyi mlioko Dar, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, mnaofunga mizigo au mnaosukumana na wapiga debe pale stendi ya Magufuli mkitafuta tiketi. Najua wenzenu kazini wameshaanza utani wao: "Wachaga haoo, wanakwenda kuhesabiwa!" Waacheni wacheke. Utani huo una Maandiko ndani yake kuliko wanavyojua. Luka anasema watu wote walikwenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao, na Yusufu akapanda kutoka Nazareti kwa kuwa alikuwa wa mbari ya Daudi. Mwokozi wetu alizaliwa katika msimu wa watu kurudi kwao. Na Yusufu alipofika huko kwao, mji wa ukoo wake mwenyewe, nafasi haikuwapo.

Hapo ndipo nimekwama tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Huku Kilimanjaro bado tuko kwenye zambarau, rangi ya Majilio. Vijana wa kwaya wananiona mkorofi kwa kuwakatalia nyimbo za Krismasi tangu Novemba, lakini Majilio ni kipindi cha kutubu na kungoja, na mgeni hakaribishwi kwenye nyumba isiyofagiliwa. Niacheni na ukale wangu.

Mwaka jana, tarehe 25, mnada wa sadaka baada ya ibada ulichangamka kweli. Mama mmoja mjane alileta mkungu wa ndizi mshare. Mzee wa kanisa akaanzia elfu kumi. Mwana mkubwa wa yule mama, anayeishi hapa nyumbani, akasema kumi na tano. Mdogo, aliyeingia usiku na gari lake kutoka Dar, akasema thelathini. Arobaini. Sitini. Vigelegele vikaanza, simu zikainuliwa juu. Mkungu ukaondoka kwa laki moja na ishirini. Mhazini alitabasamu kuliko siku zote, nami nilipiga makofi. Mama mtu hakupiga. Alikaa kwenye benchi, kanga ameikaza mdomoni, anatazama miguu yake.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Nikamkuta jikoni peke yake anakula mtori uliolala. Wanawe hao walikuwa hawasalimiani mwaka wa tatu. Kila mmoja alimtaka akale Krismasi kwake; naye aliona akienda kwa huyu amemkana yule, akabaki katikati. Katikati yenyewe ni ukuta wa tofali unaokata kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu mumewe kutoka barabarani hadi mfongoni, kwenye mfereji wa maji. Ule mkungu ulikuwa barazani. Aliyeununua aliushusha hapo akaondoka, hata gari hakulizima. (Nilimwomba mama ruhusa ya kusimulia haya. Akasema, "Sema, Mchungaji, labda watasikia wakiwa mbali.")

Palipojengwa ukuta palikuwa na mimea ya masale. Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, ila watoto wenu waliokulia Mbezi na Tegeta huliona isale kama ua la kupamba tu. Masale ndiyo mpaka wa kihamba. Na jani lilelile la mpakani ndilo mtu alilochuma akaenda nalo kwa aliyemkosea. Likipokelewa, neno limekwisha, na kulikataa ilikuwa aibu kubwa. Wazee walijua ugomvi wa ndugu utaanzia mpakani, wakapanda dawa yake hapohapo. Leo mmoja wa wale ndugu akitubu usiku wa manane, itabidi akaombe jani kwa jirani.

Mnanijua kwa msimamo wangu. Mbuzi anayechinjwa makaburini kila Desemba ili mababu watulie, nimemkemea na nitaendelea kumkemea. Damu ya upatanisho ilimwagika mara moja tu. Wapo wachungaji wenzangu ambao wangetia na isale kwenye kapu hilohilo. Hapo siwafuati. Isale haliombwi kitu wala halimwagiwi kitu. Ni mkono wa mtu anayeona haya kusema. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliingia Machame mwaka 1893, na mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi hadi 1938, aliona kwamba ukoo na ujirani wa Kichaga ni kitu ambacho kanisa linaweza kukaa ndani yake badala ya kuking'oa. Sikubaliani na yote aliyofikiri, lakini hilo aliliona vema. Msamaha unatoka msalabani. Jani linakusaidia tu kupita getini.

Kwa hiyo mwaka huu hakuna mnada siku ya Krismasi. Baraza la wazee limekubali, mhazini akinung'unika kidogo. Utafanyika Jumapili itakayofuata. Bwana amesema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Basi nendeni kwanza. Ndizi zikiiva, ziive.

Mnaotaka watoto wabatizwe tarehe 26, leteni vyeti vya ndoa mapema, na wasimamizi wawe watu wa sala, si marafiki wa kupiga nao picha. Na yule kijana mwenye kamera ya kuruka, mwaka huu ibaki nje ya kanisa.

Ibada ya mkesha ni tarehe 24, saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo nitakuwa ofisini tangu saa nne asubuhi, chai ipo. Nyuma ya ofisi kuna masale mengi yaliyopandwa na walionitangulia. Hayauzwi, wala hayana mlinzi.

Heri ya Krismasi. Na madereva, msikimbize magari pale Hedaru na Same, tunawangoja.

Mchungaji wenu