Marahaba mwanangu, soma hii ukiwa umetulia

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi niliiona usiku saa tano kasoro, nikataka nikupigie ila nikajua nikisikia sauti yako ntalia, na we utalia, alaf tutamaliza salio hatujaongea kitu cha maana. Kwaiyo nimengoja leo Jumapili, banda sijafungua, nimekaa kibarazani na chai yangu naandika kwa kidole kimoja. Soma ukishatoka shifti, umeoga, umekula. Usisome hapo jikoni kwa watu.

Umeandika "mama mashirika ya ndege wamenikataa tena kazi ya uhudumu, hii ya nne, labda sura yangu haifai." Hapo kwenye sura ndo uliponiumiza. Sura hiyo nimeizaa mimi na ni ya bibi yako mtupu, na bibi yako alikuwa akipita Kariakoo watu wanasahau bei walizokuwa wanapatana. Usirudie.

Sasa sikia. Unajua banda langu wanakula akina nani, nusu ni watu wa eapoti, wapakia mizigo, madereva, na wale mafundi wa ndege. Kuna fundi mmoja wa makamo anapenda ukoko, kila siku ananiambia mama nibakizie ukoko. Juzi nikamuuliza, baba hivi kwa nini binti yangu anatuma maombi kila siku na jibu ni lile lile la wi rigreti, yani samahani hatukuchukui, ana vyeti, kingereza anaongea, ana kosa gani? Akacheka, akasogeza sahani akaanza kunihesabia kwa vijiti vya meno pale mezani.

Anasema sheria inataka kila viti 50 mhudumu mmoja. Zile ndege za pangaboi za ATCL, shirika letu la ndege, zinaitwa Q400, zina viti 76, basi wahudumu wawili. Airbus ndogo ya viti 132 watatu, ile Boeing Max ya viti 181 wanne, Boeing kubwa ya Dreamliner ya viti 262 ni sita kwenda juu. Na hao sio wale wale kila siku manake watu wanalala ndege hailali, kwaiyo ndege moja inahitaji makundi kadhaa ya kupokezana. Alaf akachukua vijiti vya ndege moja akaviweka pembeni, akaniambia mama, hii ikikaa chini kwa kukosa injini, hawa wote hawana pa kwenda, na shirika halitafuti wengine wakati hawa wamekaa. Akaendelea na ukoko wake. Mi nikabaki naangalia vile vijiti.

Na kweli nikakumbuka zile Airbus zetu mwaka 2022 zilivyopaki kwa sababu ya injini, watu wakasema serikali imeuziwa mbovu, kumbe injini zile za Pratt & Whitney zilikuwa zinasumbua dunia nzima, na 2023 ikaja kugundulika kwamba hata injini nyingine za kampuni hiyo hiyo zimetengenezwa na madini yenye kasoro, mamia ya ndege zikaingia foleni. Boeing nao, wafanyakazi wao elfu 33 waligoma Septemba 2024 mpaka Novemba ndo wakarudi kazini. Na ile ndege yao kubwa mpya, 777X, waliyoahidi kuanza kuikabidhi 2020, saivi wanasema 2027. Waarabu wa Ghuba ndo wameagiza nyingi kuliko wote. Yani umeelewa mwanangu? Unatuma sivii kwa watu ambao na wenyewe wamekaa wanasubiri ndege. Sio wote wamesimamisha kuajiri, na hao wanaoajiri bado wanachukua, ila nafasi zinavopungua ndo wanaoomba wanaongezeka, hata waliokuwa kazini kwingine wakapunguzwa nao wapo kwenye foleni hiyo hiyo na wewe, na uzoefu wao mkononi.

Alaf kitu kingine, uliniambia hapo Unguja unaona ndege zinapita kila baada ya dakika chache unajiuliza mbona kazi hazipo. Zile nyingi ni Caravan, ndege ndogo za watalii, zina viti 12 au 13. Ndege isiyofika viti 20 hailazimishwi kuwa na mhudumu. Rubani anakwambia funga mkanda, maji yako hayo, mmeondoka. Kwaiyo usizihesabu hizo.

Sasa nikukumbushe 2020, ile ya korona, manake nadhani umesahau, au ulikuwa na mambo yako ya shule. Mwezi wa nne tarehe 12 serikali ilifunga ndege zote za abiria za kimataifa kuingia nchini, mpaka tarehe 18 mwezi wa tano. Kwenye makaratasi ni mwezi mmoja na siku kidogo. Kwenye sufuria yangu ni mwaka mzima, nilikuwa napika mchele kilo kumi nikashuka mpaka kilo mbili, na hizo mbili zinabaki tunakula wenyewe usiku, ndo maana mlichoka wali. Binti wa mama jirani, yule mrefu, alikuwa huko Ghuba kwenye ndege miaka minne. Walimpa barua ya kupunguzwa akarudi na mabegi mawili makubwa na hereni za dhahabu. Hereni ziliisha kwanza. Akauza vitenge, vikakataa, akauza uji wa lishe asubuhi pale kituoni, na watu wa mtaa walivyo wakawa wanamwita "pailoti" kumcheka.

Mwisho mwisho wa 2021 mashirika yakaanza tena kuita watu, Emirates peke yao Septemba ile walitangaza wanatafuta wahudumu elfu tatu. Yule dada akaomba upya, shirika jingine sio lile la kwanza, akafanya usaili wote toka mwanzo kama hajawahi kupanda hata daladala, akapimwa mkono tena unafika juu kiasi gani, akangoja wiki saba akapigiwa simu kwamba kapata. Wenyewe wanaiita goldeni koli, mi nlidhani ni jina la duka. Saivi yuko huko. Mwezi wa nne alikuja likizo, na hapo ndo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga.

Mwanangu, nilitapeliwa. Sikukwambia.

Ilikuwa baada ya rigreti yako ya tatu, ile uliyokaa siku mbili hupokei simu. Alikuja kijana bandani, shati jeupe, tai, kishikwambi mkononi, akala samaki akalipa na kuacha chenji, akaanza stori anasema yeye ni ajenti, ana watu wake ndani ya shirika moja la huko Ghuba, nafasi zipo ila hazitangazwi. Hapo ndo aliponipata, hapo kwenye hazitangazwi, manake mi mwenyewe moyoni nilikuwa nasema haiwezekani mtoto wangu akose bure bure, lazima kuna mlango wa nyuma. Akasema milioni moja na nusu jumla, ya viza na yunifomu na mafunzo, nianze na laki nne. Nilizitoa kwenye kikoba. Akanipa karatasi ya kujiunga na kesho yake ikaja barua kwenye simu ina nembo, ina jina lako, ina mhuri mwekundu. Nikailalia chini ya mto kama mjinga, simu yenyewe chini ya mto.

Yule dada alipokuja likizo nikamwonyesha kwa siri nikijua atafurahi. Aliangalia ile imeili iliyotuma barua akaniambia, mama, shirika lenye ndege zaidi ya mia mbili limekosa hela ya kuwa na imeili yake mpaka litumie ya bure kama ya kwangu? Alaf akasema hakuna shirika la maana linalomtoza muombaji hata senti, na hizo za kweli viza wanalipa wenyewe, yunifomu wanakupa wenyewe, mafunzo wanakufundisha wenyewe na nyumba ya kukaa wanakupa. Nikampigia yule kijana mbele yake, simu haipatikani. Mpaka leo.

Sikukwambia kwa sababu ya aibu, na kwa sababu najua ungetaka unitumie hela kutoka kwenye tipu zako. Usitume. Kikoba narudisha elfu kumi kumi kila wiki, wenzangu wanajua, walinicheka siku moja yakaisha. Nakwambia leo manake kwenye meseji umeandika kuna mtu hapo hotelini kakwambia ana konekshen. Mwanangu huyo mtu mpishe. Akisema ana konekshen mwambie mama yako keshalipia, muulize mwenzake.

Hela ya halali ya kutoka ni ya pasipoti, laki na nusu, unalipa serikalini unapewa risiti. Hiyo ntakusaidia nusu.

Na huyo dada nilimchimba sana usiku ule mpaka akaanza kusinzia. Anasema hiyo kazi unayoidharau ya kubeba sahani hapo hotelini ndo hiyo hiyo wanayoitaka, wengi wanataka angalau mwaka mmoja wa kuhudumia watu, we una miezi nane, sasa unataka kuiacha urudi mjini ukae unangoja simu? Ungojee hapo hapo ukiwa kazini, na siku ya usaili usiseme nimefanya kazi hotelini ukanyamaza, sema yule mgeni mzee aliyedondoka ngazini ulifanyaje, yule Mtaliano aliyegombana na meneja kwa ajili ya chumba ulimtuliza vipi. Anasema kwenye yale mazungumzo ya kikundi wasichana wengi wanaanguka kwa kutaka kuongea wao tu, we ukiona mwenzako kanyamaza mpe nafasi, muulize we unaonaje, wanaokaa pembeni na karatasi wanaandika. Na usikariri majibu ya Yutyubu, anasema kila mtu anakuja na jibu moja, "napenda kusafiri na kukutana na tamaduni mbalimbali", mpaka wasaili wanapiga miayo.

Ule mkono wako uko sawa, usihangaike tena na hilo. Wanataka ufike sentimita 212 ukisimama kwa vidole vya miguu, tulipima wenyewe kwenye ukuta wa jiko na mkaa na ukapita kwa vidole viwili. Kumbe nilikuwa sijui wanapima kwa sababu gani, nlidhani wanataka warefu wapendeze. Dada anasema ni kwa ajili ya vifaa vya dharura vinavyokaa juu kule, ukishindwa kuvifikia hufai hata uwe mrembo vipi.

Hapo nikwambie na lingine. Ile Novemba 2022 ndege ilipoingia ziwani Bukoba, watu 19 wakafa, mi nilisema kimoyomoyo mwanangu haendi kwenye mambo hayo, na we ulikuwa ushaanza kuongelea. Nilikuwa nakuombea ubadilishe mawazo, ndo ukweli. Kilichonigeuza ni huyo dada kunisimulia mafunzo yao, jinsi wanavyozima moto kwenye chumba chenye moshi, wanavyofundishwa kumwamsha aliyezimia, hata kumzalisha mtu, na jinsi wanavyopiga kelele kwa amri watu watoke, manake ndege kabla haijaruhusiwa kuuzwa lazima ionyeshwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 na nusu ya milango imefungwa. Sekunde tisini! Mi hapa bandani kutoa watu watano wakimaliza kula inachukua nusu saa. Soda na juisi ni kazi ya pili, ya kwanza ni hiyo. Nikasema kumbe kazi yenyewe ni ya mtu kama wewe, uliyemtoa mdogo wako kwenye karo la maji una miaka tisa wakati sisi wakubwa tunapiga mayowe.

Basi. Nafasi za ATCL nazo usiziache, zinatokaga kwenye Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, akaunti yako iweke sawa kabisa kabla tangazo halijatoka, sio tangazo limetoka ndo unatafuta kuskani vyeti kwa bando la jero. Cheti cha kuzaliwa nimekifuatilia RITA kipya nimepata, kile cha zamani mende walikula kona yenye jina la baba yako, sisemi kitu.

Mdogo wake yule dada anakuja huko na boti ya Alhamisi ya asubuhi. Nimempa bahasha ya kaki, humo kuna hicho cheti na zile picha zako, na mfuko wa dagaa wa Kigoma nimeshawakaanga. Mpokee bandarini asizunguke navyo, huyo mtoto anasahaugi vitu. Nauli nimeshamlipa, usimpe hela.