Kwa Rehema, kuhusu majina na picha za kichwani

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha niandike: kwa nini unajitahidi kuona picha kichwani ili ukumbuke mambo, kama ulivyoelekezwa, na bado yanakuponyoka?

Mara nyingi kasoro haiko kwenye picha yenyewe. Imeachwa hewani tu, haijashikizwa popote. Ukitaka kukumbuka kupeleka bahasha posta, ukafumba macho na kuiona bahasha vizuri kabisa, bado kesho hakuna kitakachoiita. Ibane kwenye kitu utakachokutana nacho bila kukitafuta, kwa mfano kitasa cha mlango wa kutokea. Ione imekaba kitasa, unazungusha hakizunguki, ukingo wa karatasi unakukwaruza kiganja. Asubuhi mkono ukigusa kitasa, bahasha inakuja yenyewe. Sekunde 5 zinatosha, ila uzitoe zote kwa jambo hilo moja.

Sasa majina, maana hayo ndiyo yanayokuudhi zaidi. Kwanza uwe umelisikia. Watu wengi hawasahau jina. Halikuingia kabisa, kwa sababu lilipotajwa walikuwa wanapanga watakachojibu. Lirudie papo hapo kwa sauti: “Nimefurahi kukufahamu, Zawadi.” Halafu chagua alama moja usoni ambayo haitabadilika. Miwani, mtindo wa nywele na ndevu viache, kwani wiki ijayo huenda havipo. Chukua mwanya wa meno, nyusi zilizokutana, umbo la sikio. Kisha ligeuze jina liwe kitu cha kuonekana: Zawadi ni kifurushi chenye utepe, Amani ni njiwa. Jina lisilo na maana kwako lifuate kwa sauti yake, Robert awe roboti. Mwisho vigusanishe: kifurushi kimekwama kwenye ule mwanya, utepe unaning'inia hadi kidevuni, na kila akicheka unapepea.

Hapo kuna mtego. Ukiishia kwenye njiwa, siku ya pili unaweza kumwita Amani “Salama”. Kwa hiyo picha ikishakaa, litamke jina lenyewe kimoyomoyo pamoja nayo. Mkiagana mtazame tena usoni ulitoe jina bila msaada, na ulitoe tena usiku kabla ya kulala. Kulitoa ndiko kunakolikaza kuliko kulisoma mara nyingi.

Kwa orodha ndefu, tumia njia ya vituo: unaweka kila kitu kichwani mahali fulani unapopajua, halafu unapita hapo kwa mpangilio kuvikusanya. Ni ya kale mno. Mwandishi Mrumi Cicero aliihusisha na mshairi Mgiriki Simonides, ambaye inasimuliwa kwamba aliwatambua wafu wa jengo lililoporomoka kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Chagua vituo 10 ndani ya nyumba yako kwa mpangilio unaopita ukiingia: mlango, rafu ya viatu, kochi, televisheni, dirisha, na kuendelea, bila kurudi nyuma. Kila kituo kipokee kitu kimoja, na kitu hicho kikifanyie kituo jambo fulani: kimwagike, kivunje, kizibe. Kituo cha 5 kipe alama ya kudumu. Warumi walishauri mkono wa dhahabu, na mpaka leo unafaa, maana ukiruka kituo utagundua mapema.

Makosa ya njia hii yanajulikana. Vituo vinavyofanana, kama viti viwili vya aina moja, huchanganya. Picha isiyotofautiana na mahali pake hupotea: Mrusi Solomon Shereshevsky, mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu aliyechunguzwa kwa miaka mingi na mwanasaikolojia Alexander Luria, aliwahi kuliweka yai mbele ya ukuta mweupe, akapita bila kuliona. Angeliongezea ukubwa au angewasha taa, basi. Na ukitumia vituo vilevile mara mbili kwa siku moja, picha za asubuhi zitaingilia za jioni. Uwe na seti mbili au tatu za vituo uzipokezanishe.

Usihangaike kufanya kila picha iwe ya ajabu. Ikiwa zote ni za ajabu, hakuna inayojitokeza. Muhimu ni vitu kugusana.

Huenda ukifumba macho huoni chochote. Wapo watu wa namna hiyo, wala si upungufu wa akili. Tumia mguso, uzito, mwendo na mahali: jua tu kwamba kifurushi kiko pale na kinasukuma.

Mazoezi yanalipa. Mwaka 2017 timu ya mtafiti Martin Dresler ilichapisha matokeo ya watu wa kawaida waliojifunza njia ya vituo nusu saa kwa siku kwa siku 40: kutoka wastani wa maneno 26 kati ya 72, walifika 62.

Kuhusu kutokumbuka kama umefunga mlango, shida ni kwamba leo inafanana na jana. Ukizungusha ufunguo, uone ukitoa cheche za kijani. Kesho uone ufunguo ukitema maji. Lakini dawa za mama usizikabidhi kwa picha hata siku moja. Nunua kisanduku chenye vyumba vya siku saba, maana kosa la hapo ni kubwa kuliko kusahau jina.

Anza na vituo leo usiku, uvitembelee kichwani kwenda na kurudi mpaka usikwame, ndipo uviwekee kitu. Niandikie vyote 10 kwa mpangilio wake, nitakuonyesha vipi vitagongana.

Rafiki yako,
Saida